Kijibwa Niliyempeleka Litein

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili usome ukijua, usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Wengine wana sukari, wengine wana goti linalouma wakati wa baridi. Mimi nina wivu, na tumekaa pamoja tangu nikiwa msichana wa kuchunga ndama. Kanisani tukiambiwa tufumbe macho kila mtu atafute dhambi yake, mimi sina haja ya kutafuta. Yangu imekaa benchi la mbele, imefunga kitambaa kichwani.

Mtu ninayemwonea wivu ni mama yake mke wa mwanangu. Kwetu Wakipsigis, wazazi wa mume na wazazi wa mke huitana pamwai. Ni jina la heshima, na ni jina zito, kwa sababu ukishamwita mtu pamwai huwezi tena kumrushia maneno kama mtu unayegombania naye nyanya sokoni. Unameza. Mimi nimemeza miaka ishirini na zaidi.

Pamwai wangu anakaa Litein, ndani ya mji, nyumba ya mawe, sakafu ya vigae, maji yanatoka ukutani. Mimi nakaa Boito katikati ya chai yangu, nyumba ya mabati, jiko la kuni, na maji yanatoka mgongoni mwangu. Yeye anavaa miwani yenye mnyororo. Anaongea polepole. Hata akikohoa anakohoa kama mtu aliyesoma.

Hayo yote ningemwachia. Nyumba si kitu. Lakini tuna mjukuu mmoja tunayemgombania. Wako wengine, hao hatuwagombanii.

Huyu msichana nilimlea mimi. Baba yake na mama yake walipopata kazi Nakuru waliniletea akiwa na miezi minane, kamasi mpaka kwenye kidevu. Wengine huchuna chai kikapu kikiwa mgongoni. Mimi nilichuna mtoto akiwa mgongoni na kikapu kikiwa tumboni, watu wakapita barabarani wakicheka. Alijifunza kutembea kati ya mistari ya chai, akishika matawi huku na huku. Nilimpa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kibuyu changu mpaka akawa na mashavu. Pamwai alianza kuonekana vizuri msichana alipoingia sekondari, kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwake. Nimelima mimi, nimepalilia mimi, mtu akaja wakati wa kuvuna na sahani.

Msichana akapita mitihani, akaenda kusomea udaktari wa mifugo. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, mjukuu wangu anajua jina la kila mfupa wa ng'ombe. Nikipita kwenye kituo cha kupimia chai wanawake wananiita mama daktari, na sijawahi kuwakataza.

Mwaka huo ninaousimulia, msichana alikuwa amebakisha miezi mitatu ya kufanya kazi chini ya daktari mkubwa, ndipo amalize. Ofisi aliyopangiwa ilikuwa karibu na Litein. Angeweza kulala kwa pamwai akaenda kazini kwa miguu. Angeweza pia kulala kwangu, akapanda pikipiki asubuhi na kurudi jioni. Alikuwa hajaamua. Nilitaka alale kwangu. Mwaka huo sikumwomba Mungu kitu kingine, hata mvua.

Sasa wakati huohuo mbwa wangu jike akazaa nyuma ya ghala la mahindi. Watoto wanne. Watatu walikuwa mbwa tu. Wa nne alikuwa dume, rangi ya chai ya maziwa, kifua cheupe kama amevaa shati la kwenda kanisani, mkubwa kuliko wenzake. Alikuwa wa kwanza kufungua macho na wa kwanza kutoka nje kubwekea kuku. Kila aliyepita alimwomba. Nilimnyima kila mtu. Nilikuwa nimeshamchagua awe wangu.

Pamwai naye aliomba dume mmoja. Hakuniomba mimi, alipitia kwa msichana kwa simu. Hata kuomba kwake kuna njia ya lami.

Watoto walipofika wiki sita msichana alikuja nyumbani Jumamosi na mkoba wake. Nilimpokea mlangoni na mursik, akanywa akiwa amesimama, akajipangusa mdomo kwa mkono kama zamani. Kisha akaketi kwenye kigoda uani, akaweka ile mipira ya daktari masikioni, akaanza kumshika mtoto mmoja mmoja. Wa kwanza akamweka chini. Wa pili, mweusi, akamweka chini. Wa tatu, chini. Kwa yule wa kifua cheupe akakawia. Akasogeza kile kidude huku, akakisogeza kule, akafumba macho. Mimi nilidhani anamfurahia.

"Kogo," akasema. Kogo ni bibi kwetu. "Huyu moyo wake unavuma."

"Unavuma vipi? Moyo ni mzinga wa nyuki?"

"Chukua usikilize mwenyewe."

Nilikataa. Nilimwambia sijui hiyo mipira imetoka masikioni mwa nani. Ukweli ni kwamba niliogopa kuiweka vibaya na anicheke. Nilimchukua yule mtoto nikaweka sikio langu ubavuni mwake, kama ninavyosikiliza kibuyu nikitaka kujua kama maziwa yameiva. Nilisikia tumbo tu.

Msichana akaniambia damu inatakiwa ipite kimya, du-dup, du-dup. Kwa huyu, katikati ya du na dup kulikuwa na shhh ndogo, kama chai ukiimimina kwenye kichujio kilichoziba kidogo.

"Atakufa?" nikauliza.

"Pengine si kitu, kogo. Watoto wengi wa mbwa wanakuwa na mvumo wakiwa na umri huu. Moyo ni mdogo, damu inakimbia. Wakifika miezi minne, mitano, unaisha wenyewe. Tunaupima kwa ngazi, moja mpaka sita. Huyu ni ngazi ya pili. Ungekuwa mkubwa ungeusikia hata kwa kiganja, kama paka anayenguruma."

"Na usipoisha?"

"Basi kuna tundu ndani, ama mshipa uliotakiwa kujifunga akizaliwa haukujifunga. Mbwa kama huyo hakui vizuri. Anachoka haraka, anakohoa. Siku moja anakimbia halafu anaanguka."

Akamfunua midomo, akaangalia fizi. Zilikuwa nyeupe kuliko za wenzake. Akainua gunia walilolalia akalitikisa, na viroboto wakaruka kama mtama kwenye kikaango.

"Na hawa wanamnyonya," akasema. "Damu ikiwa nyepesi, moyo pia unaweza kuvuma. Hili gunia lichomwe, kogo. Na nimekuletea dawa ya minyoo."

Nilichoma gunia. Uso ulinichoma kuliko gunia, kwa sababu nilijua Litein hakuna kiroboto anayethubutu kupanda vigae.

Kabla hajaondoka alinipa amri, maana sasa ananiamrisha. "Huyu wa kifua cheupe usimpe mtu mpaka nimsikilize tena. Yule mweusi ndiye wa kogo wa Litein."

Kogo wa Litein. Masikio yangu ambayo hayakusikia mvumo wa mbwa yalisikia hilo vizuri sana. Na alipokuwa anafunga mkoba, simu ililia, akasogea pembeni kuongea. Mimi sikusogea. "Ndiyo, kogo," alisema, na kogo huyo hakuwa mimi. "Kile kitanda cha dirishani bado kipo? Sijaamua, kogo. Nauliza tu."

Anauliza tu. Mtu haulizi kitanda kama hataki kulala.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila mkulima wa chai analijua na hakuna anayelikiri. Karani wa kituoni anataka majani mawili na chipukizi, laini. Lakini kuna siku umechelewa kuchuna, majani yamekomaa, yamekuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Basi unayaweka chini ya gunia, na yale laini unayaweka juu. Unafika kituoni unatabasamu. Karani mvivu anapima na unaenda nyumbani. Karani mwenye akili anashika gunia kwa pembe za chini, analimwaga lote juu ya meza mbele ya watu, na unasimama pale kuyachambua jani kwa jani huku wenzako kwenye foleni wakikohoakohoa. Nimeyachambua mara mbili maishani mwangu. Nilidhani nimejifunza.

Wiki iliyofuata, msichana akiwa amerudi chuoni, nilimwosha yule wa kifua cheupe kwa sabuni ya kuogea. Nilimkausha kwenye jua mpaka akang'aa. Nilitandika sweta yangu ndani ya kikapu cha kuchunia chai, nikamweka, nikapanda pikipiki kwenda Litein.

Sitasema kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nimekipanga. Watu wangeona nimempa pamwai mtoto mzuri kuliko wote, yule niliyewanyima wengine. Kisha angemfia mikononi, juu ya vigae vyake, na msichana angejua nani anaweza kulea na nani hawezi. Mtu analala nyumba gani? Analala nyumba ambayo vitu havifi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na pikipiki ilivyokuwa ikipanda kilima nilijiona nina akili.

Pamwai alinipokea barazani. Alileta chai yenye maziwa mengi na mkate uliopakwa siagi, akanikalisha kiti cha mto. Nikafunua kikapu.

Alitazama ndani. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akatazama kile kifua cheupe muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kutazama mbwa.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye. Nimekuchagulia wa kwanza wao."

"Umenichagulia," akasema polepole. "Asante, pamwai. Una mkono wazi."

Akamtoa, akamweka mapajani juu ya sketi safi, na yule mtoto asiye na adabu akalala hapohapo kama amerudi kwao. Nilikunywa chai yangu. Nilidhani ule ukimya wake ulikuwa wa kushangaa uzuri. Nilimwachia kikapu pia, maana mtoto alikuwa amelala tena ndani yake, nikarudi Boito nikiimba.

Msichana alipomaliza muhula alipitia Litein kwanza. Simu yake ilinikuta shambani.

"Kogo, yule wa kifua cheupe yuko huku."

"Ndiyo."

"Nilikwambia mweusi."

"Nilisahau," nikasema. Mimi, ambaye nakumbuka hata siku mbuzi wa jirani alipokula kitambaa changu.

Kisha akasema, "Haya. Basi nitalala huku, kogo. Inabidi nimsikilize mara kwa mara mpaka tujue unaisha ama hauishi. Nikiwa Boito sitaweza."

Nilisimama katikati ya chai, simu imeshakatika. Ningempa pamwai yule mweusi, mwenye moyo mzima, yule mwenye mvumo angebaki kwangu, na msichana angelala wapi? Angelala pale kitanda chake kilipo, karibu na mgonjwa wake. Kamba ya kumvuta ilikuwa mkononi mwangu, nikaifunga vizuri ndani ya kikapu, nikaiwekea sweta isipate baridi, nikaipeleka Litein mwenyewe kwa nauli yangu.

Miezi hiyo sitaki kuirudia, lakini nitaisema. Mke wa mwanangu, akidhani ananifurahisha, alinitumia picha kwenye simu. Mbwa amelala mbele ya televisheni. Mbwa amekaa kwenye zulia, msichana amepiga magoti na ile mipira masikioni, pamwai nyuma yao na miwani yake kama askofu. Mbwa anakula kutoka bakuli lenye maua. Na mimi nilibaki na yule mweusi, mwenye moyo unaopiga sawasawa kama kengele ya shule, na kichwani hamna kitu. Aliogopa kuku. Alitafuna gambuti yangu moja, ya kushoto, na nilikuwa nikichuna chai na mguu mmoja wa gambuti na mwingine wa kandambili.

Nilikuwa nangoja habari. Siwezi kulipaka jambo hili asali. Kila simu ikilia nilifikiri, leo ameanguka. Siku moja msichana alisema mbwa anakohoa, na nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kuvua kikapu na kukiweka chini. Kisha nikakumbuka jinsi alivyolala kwenye sweta yangu, pua imeingia kwenye mkono wa sweta, na furaha ikaniganda mdomoni kama mafuta ya kondoo. Jioni msichana akapiga tena. Mbwa alikuwa amemeza uzi wa zulia, basi. Hata hapo nilipata pa kuweka wivu wangu, kwa sababu mimi sina zulia la kumkaba mbwa.

Mwezi wa kwanza ukielekea kuisha, msichana alikuja Boito Jumamosi, amebeba kikapu changu. Kwetu kikapu cha pamwai hakirudi kitupu. Ndani kulikuwa na unga wa wimbi, sukari, sweta yangu imefuliwa na kupigwa pasi, na kibuyu cha mursik. Si mursik wa chupa ya plastiki wa kununua, ambao nilikuwa nikimsema nao pamwai kwa miaka. Pamwai alikuwa amepaka mkaa kibuyu kwa mikono yake na kugandisha maziwa mwenyewe. Nilionja nikitafuta kasoro. Nilionja mara tatu. Hakukuwa na kasoro.

Tulitoka kuchuna, mimi mstari wangu, yeye mstari wa pili, kama alipokuwa msichana wa shule. Vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka. Nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na mbwa?"

"Anakua vizuri. Nikimsikiliza sasa mvumo umeshuka, nautafuta kwa shida. Fizi zina rangi." Akachuna kidogo. "Kogo, nilikuwa nimekukasirikia."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ulimpeleka yule makusudi. Lakini kogo wa Litein ameniambia yeye ndiye aliyekuomba yule wa kifua cheupe. Ati ulipofika na mweusi akamkataa, akakusumbua mpaka ukarudi kumletea yule. Nimekuja kukuambia pole."

Vidole vyangu vilisimama juu ya mti.

Sikuwa nimefika Litein na mweusi. Mweusi hajawahi kutoka Boito. Pamwai alikuwa ametunga uongo mzima, yeye ambaye haongopi hata juu ya umri wake, ili kunifunika. Na kunifunika, lazima alikuwa anajua kuna kitu cha kufunika.

Nilikuwa na njia rahisi. Ningesema, ndiyo mama, alinisumbua sana, nawe umsamehe, ni mzee. Msichana angecheka, tungeendelea kuchuna, pengine hata angelala kwangu ile miezi miwili iliyobaki. Neno moja tu. Lakini nilijiona nikilala chini ya wema wa yule mwanamke kama chini ya blanketi la kuazimwa, kila siku, mpaka nife, naye akijua na mimi nikijua, akinimiminia chai na kuniita pamwai. Hapana. Anizidi kwa nyumba. Anizidi kwa maji na vigae, sasa hata kwa mursik. Kwa hili sikukubali anizidi.

"Hakuniomba," nikasema. "Amekudanganya ili kunifunika. Nilimpeleka mwenyewe nikijua moyo wake unavuma. Nilitaka amfie, ili wewe ulale kwangu."

Watu husema ukweli kwa sababu ya wokovu. Mimi niliusema kwa sababu ya wivu. Lakini ukishatoka umetoka.

Msichana alimaliza mstari wake mpaka mwisho, jani kwa jani, hakuacha hata chipukizi moja. Kisha akamwaga majani yake kwenye kikapu changu, akanawa mikono, akasema, "Kwaheri, kogo," kwa adabu, kama anavyomwambia mtu aliyemwita kumtibia ng'ombe. Adabu hiyo iliniuma. Ningependa angenitukana.

Wiki tatu hakupiga simu. Niliweka simu kwenye mfuko wa aproni ili nisikose, na mara mbili nilimwomba jirani anipigie nijue kama inalia. Inalia, akasema, una nini wewe. Yule mweusi alikuwa akija kulala juu ya miguu yangu nikiwa jikoni. Hata yeye, pamoja na ujinga wake, alijua nyumba imekuwa kubwa.

Wiki ya nne ujumbe ukaja, mfupi kama wa serikali. Kogo, Jumamosi saa nne njoo Litein. Mbwa amefikisha miezi minne.

Nilivaa nguo ya kanisani, na juu yake ile sweta ya kikapuni. Nilichukua kibuyu changu bora, kile nilichokiweka wiki nzima. Tulikaa barazani, mimi na pamwai, chai katikati, msichana akaenda nyuma ya nyumba kumwita mbwa ambaye alikuwa akichimba maua ya watu.

Pamwai alikoroga chai yake kwa muda. "Nilijua, pamwai," akasema bila kuniangalia. "Msichana alinipigia simu siku ileile aliyowasikiliza. Alinieleza wote wanne. Kifua cheupe ndiye mwenye mvumo, alisema."

"Na bado ulimpokea."

"Kitu cha pamwai hukataliwa?" Akaonja chai. "Lakini si hiyo tu. Nilipofunua kikapu nikamwona, nilisema moyoni, huyu ndiye atakayemleta msichana kwangu. Hawezi kumwacha mgonjwa. Yule mweusi asingemleta."

Nilimgeukia. Alikuwa mwekundu masikioni, yule mwanamke wa vigae.

"Wewe ulikuwa naye miaka yote," akasema. "Mimi nilipata siku za shule. Akiumwa kichwa hapa kwangu anasema anataka maziwa ya kogo. Unajua ni kogo gani anasema? Nimejifunza kupaka mkaa kibuyu nikiwa na umri huu, pamwai, nimeungua vidole." Akanionyesha kidole. Kweli, kulikuwa na kovu.

Nimewahi kusikia habari nzuri maishani. Nimesikia mwanangu amepata kazi, nimesikia mjukuu amepita. Sijui kama kuna iliyonikaa tumboni vizuri kama hii, kwamba mtu wa nyumba ya mawe amekuwa akinionea wivu mimi wa mabati, miaka hiyo yote, kimya, akinimiminia chai. Nilikaa nikiitafuna. Nilimmiminia mursik wangu, kikombe kikajaa mpaka juu. Akaonja.

"Wako bado ni mzuri kuliko wangu," akasema.

"Wako unakaribia," nikasema. Si uongo kamili.

Msichana akaja na mbwa. Sasa alikuwa mbwa kweli, miguu mirefu, kifua kimepanuka, bado kimevaa shati la kanisani, kimejaa udongo. Akanipita kama hanijui, kisha akarudi, akanusa mkono wa sweta yangu muda mrefu. Msichana akapiga magoti kando yake, akasikiliza upande huu na upande ule. Nilijikuta nimeshika kiti. Miezi yote hiyo nilikuwa nimengoja afe, na sasa nilikuwa namwomba Mungu kuhusu mbwa mbele ya pamwai, midomo ikicheza.

"Safi," msichana akasema. "Hakuna kitu. Umeisha."

Akatoa mipira masikioni, akampa pamwai asikilize kwanza, kwa sababu ni mwenye nyumba, ama kwa sababu bado alikuwa hajanisamehe. Niliona hilo. Pamwai akasikiliza akitabasamu, akavua.

Kisha msichana akaja kwangu. Hakuniuliza kama nataka. Alisogeza kitambaa changu cha kichwani taratibu, akaniwekea masikioni mwenyewe, akashika mkono wangu akaweka kile kidude kwenye ubavu wa mbwa.

"Mwezi umebaki mmoja," akaniambia karibu na uso, maana alijua sisikii vizuri na mipira. "Jumamosi nitakuwa nakuja kwako mpaka Jumapili. Siku nyingine nitalala hapa. Na mbwa anabaki hapa. Lakini kogo, kuanzia leo gunia lako nitakuwa nalimwaga lote mezani."

"Limwage," nikasema.

Du-dup. Du-dup. Du-dup. Hakukuwa na shhh. Ulikuwa kama mikono miwili ya mchunaji mzuri, kulia, kushoto, bila kupapasa. Nilikuwa sijui kwamba ndani ya kitu kidogo kuna kazi kubwa namna hiyo, na mtu anaweza kukibeba kwenye kikapu mpaka Litein bila kusikia.

Pamwai alinyoosha mkono arudishiwe asikie tena. Nilijifanya sijaona. Yeye alisikiliza kidogo tu. Mimi niliendelea kusikiliza mpaka chai yake ikapoa.